Shajara ya mradi: kijitabu cha C.T. Studd, mchezaji wa ridhaa

Nafundisha Historia na Kiswahili katika sekondari moja ya Dar es Salaam, na jioni tatu kwa wiki nawasimamia vijana wa kriketi. Kurusha wanajua, kudaka wanajua, ila ukiwauliza mchezo wenyewe ulitoka wapi wanakujibu "kwa Wahindi", basi. Nikaamua kuwaandikia kijitabu cha Kiswahili juu ya maisha ya mchezaji mmoja wa zama za Malkia Victoria: kurasa 24 za A5, nakala 40, bajeti shilingi 100,000 tulizochangishana walimu. Shajara naiweka wazi ili mwenzangu akitaka kufanya kama hivi asilipie makosa niliyokwisha kuyalipia mimi.

11 Januari 2025. Kumpata mtu

Nilianza na W.G. Grace, yule daktari mwenye ndevu za kufika kifuani, kwa sababu ndiye kila mtu anayemtaja. Baada ya kurasa mbili nikamwacha. Maisha yake karibu yote yako uwanjani, na mwanafunzi ambaye kriketi bado haijamwingia hana pa kuanzia.

Nikahamia kwa Charles Thomas Studd. Alizaliwa Spratton, Northamptonshire, tarehe 2 Desemba 1860. Kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa Uingereza. Akiwa na miaka 23 akauacha mchezo. Akafa tarehe 16 Julai 1931 huko Ibambi, Kongo ya Wabelgiji, ambako watu walimwita Bwana Mukubwa. Mtu wa shule ya Eton na Chuo Kikuu cha Cambridge aliyezikwa mahali ambapo Kiswahili kinasemwa! Hapo vijana wangu wanapata mlango wa kuingilia.

Gharama mpaka sasa: bando la intaneti, 10,000.

2 Februari 2025. Studd walikuwa watatu

Kosa la kwanza, na lilikuwa la aibu. Baba yao, Edward Studd, alitajirika kwa mashamba ya nili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, kaskazini mwa India, kisha akarudi kwao kula mali yake. Farasi wake, Salamander, alishinda mbio za Grand National mwaka 1866. Baadaye mzee aliokoka kwa mahubiri ya Mmarekani D.L. Moody, akafariki mwaka 1877. Aliacha, pamoja na wengine, wana watatu wa kriketi: Kynaston anayeandikwa J.E.K., George anayeandikwa G.B., na Charles wetu, C.T. Wote Eton, wote Cambridge, na mwaka 1877 wote kwenye kikosi kimoja cha shule. Kama haitoshi, walipokezana unahodha wa Chuo Kikuu cha Cambridge: G.B. mwaka 1882, C.T. mwaka 1883, J.E.K. mwaka 1884.

Kumbukumbu nyingi huandika "Studd" tu. Matokeo yake, katika rasimu yangu C.T. alikuwa Meya wa London mwaka 1928. Aliyekuwa meya ni J.E.K. Wakati huo C.T. alikuwa Ibambi, na hakuwa amekanyaga kwao tangu 1916. Na picha niliyokuwa nimeipenda kwa jalada, ya kijana mwenye masharubu na kofia yenye mistari, ikabainika ni ya ndugu yake.

Dawa yake: nilichora safu tatu kwenye karatasi moja kubwa, kila ndugu na safu yake, na kila habari haikuingia kijitabuni mpaka nijue inakaa safu ipi. Safu mbili nilizozitupa mwishoni zilikula wiki nzima. Anayeandika maisha ya mtu mwenye ndugu maarufu aanze na karatasi hiyo, asisubiri kama mimi.

22 Februari 2025. Mlindanguzo

Nilitaka Kiswahili kilichotakata. Nikakaa usiku mmoja nikaunda maneno: anayerusha mpira nikamwita "mtupatufe", anayelinda wiketi (vile vijiti vitatu vya nyuma yake) kwa gongo nikamwita "mlindanguzo". Nikajisifu sana. Jioni iliyofuata nikawasomea vijana ukurasa wa kwanza. Kijana mmoja akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani Mwalimu, huyo mlindanguzo analipwa na kampuni gani ya ulinzi?"

Nikafuta yote. Nimebaki na yale wanayoyasema wenyewe na yanayosikika redioni: mpigaji, mrushaji, wiketi (na mpigaji mmoja kutolewa nako huitwa wiketi), mikimbio yaani alama, na ova, yaani fungu la mipira anayorusha mrushaji mmoja kwa mfululizo. Timu inapoingia kupiga nimeita "zamu". Ukurasa wa 3 una orodha ya maneno 14, kila neno na sentensi moja ya mfano kutoka uwanjani kwetu. Kazi ya saa mbili, wakati ile ya mtupatufe ilinila usiku kucha.

15 Machi 2025. Ova ya mipira minne

Sura ya pili ni ya mechi ya Oval, London, tarehe 28 na 29 Agosti 1882, Uingereza dhidi ya Australia. Adui mkuu ni mrushaji Fred Spofforth, aliyeangusha wiketi 14 kwa mikimbio 90. Kadi ya mechi, yaani karatasi ya alama, inasema zamu ya kwanza alirusha ova 36 na mipira 3, zamu ya pili ova 28. Nikazidisha kwa sita kama tunavyocheza leo, nikaandika kwa kujiamini kwamba alirusha mipira 219 halafu 168. Nikaongeza na sentensi nzuri juu ya mkono wake usiochoka.

Uongo mtupu. Nilishtuka nilipokuwa napekua mechi ya miaka michache baadaye na kukuta ova yake ina mipira mitano. Kumbe Uingereza ova ilikuwa na mipira minne mpaka 1889, ndipo ikawa mitano, na sita ikaja mwaka 1900. Kwa hiyo Spofforth alirusha mipira 147, kisha 112. Mkono wake labda ulichoka, labda haukuchoka. Sentensi yangu nzuri nimeifuta.

Sasa juu ya kila kadi kuna mstari mmoja kwa herufi nzito: *Ova moja ni mipira minne.* Bando jingine, 10,000.

5 Aprili 2025. "Bw." niliyoifuta

Hili ndilo kosa lililobadilisha kijitabu kizima, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Mechi ile kwanza. Australia walipata 63, Uingereza 101, Australia tena 122. Uingereza wakabaki na kazi ya kutafuta mikimbio 85 tu. Walifika 51 kwa wiketi mbili, na Grace mwenyewe bado yuko ndani. Mtu yeyote angeanza kufunga virago. Kisha Spofforth na mwenzake Harry Boyle wakawabana, ova baada ya ova bila mkimbio hata mmoja, na wapigaji wakaanza kuingia na kutoka kama wateja wa duka lililoisha sukari. Read sifuri. Steel sifuri. Barnes mbili. Nahodha, A.N. Hornby, alikuwa amemshusha C.T. Studd mpaka nafasi ya kumi ya kupiga, ingawa msimu huohuo kijana huyu alikuwa amewapiga Australia hawahawa mikimbio 118 akiwa na Cambridge na 114 akiwa na klabu ya MCC. Inasimuliwa kwamba siku ilikuwa ya baridi na Studd alikuwa akizunguka jukwaani amejifunika blanketi.

Wapigaji huwa wawili uwanjani, kila mmoja upande wake. Alipoingia, Studd alisimama upande ambao mpira haukumfikia. Mtu wa mwisho, Ted Peate wa Yorkshire, akapiga mikimbio miwili, akazungusha gongo tena kwa nguvu zake zote, Boyle akaiangusha wiketi yake. Jumla 77. Wameshindwa kwa mikimbio 7, na Studd hajagusa hata mpira mmoja. Peate alipoulizwa kwa nini hakutulia amwachie Studd, husimuliwa kwamba alijibu hakuweza kumwamini Bwana Studd.

Sasa kosa. Kwenye kadi za zamani baadhi ya majina yana "Mr" na herufi za mwanzo, mengine ni jina la ukoo peke yake. Niliona ni uchafu wa uchapishaji, nikafuta "Mr" zote ili kadi ikae vizuri. Ila kwenye maneno ya Peate niliacha "Bwana Studd". Msichana wa Kidato cha Tatu anayetuandikia alama ndiye aliyesoma kwa sauti, akasimama: "Mwalimu, si wako timu moja? Mbona huyu ni Bwana na yule ni Peate tu?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaifungua kadi ya awali, na lilikuwa pale siku zote. Grace, Hornby, Lucas, Steel na Studd wana "Mr", na Lyttelton, mtoto wa lodi, ana "Hon." mahali pake. Barlow, Ulyett, Read, Barnes na Peate hawana. Sita na watano. Wenye "Mr" au "Hon." ni wachezaji wa ridhaa. Wasio nayo ni wa kulipwa. Viwanja vingi viliwapa vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na hata mlango wa kuingilia uwanjani ulikuwa tofauti, ilhali wote wanavaa nyeupe na wote wanaililia wiketi ileile. Unahodha kwa kawaida ulikuwa wa mchezaji wa ridhaa. Mgawanyo huu ulifutwa mwaka 1962.

Na hapo nikagundua kwamba hata neno "ridhaa" lilikuwa limewapotosha vijana wangu. Kwetu ngumi za ridhaa ni za yule anayejifunza, anayesubiri kupanda aende ngumi za kulipwa. Wao walidhani Studd ni mwanafunzi na Peate ni bingwa. Uingereza ya wakati ule ngazi ilisimama kinyume: wa ridhaa ndiye aliyekuwa juu, kwa kuwa hahitaji kulipwa. Anayehitaji kulipwa ni mtumishi. C.T. alicheza bure kwa sababu nili ya India ilikwisha kumlipa tangu hajazaliwa.

Tena hata hilo "bure" lina mashimo. Grace alikuwa wa ridhaa maisha yake yote, lakini kwa safari ya Australia ya 1873 hadi 1874 alichukua pauni 1,500, huku wachezaji wa kulipwa aliosafiri nao wakipata 170 kila mmoja. Vijana walicheka sana hapo. Mmoja akasema huo ndio uridhaa anaoutaka yeye.

Marekebisho: sura ya pili nimeiandika upya yote. "Bw." zimerudi kwenye kadi. Neno "wa ridhaa" nimelibakiza, maana ndilo wanalolijua, ila ukurasa wa 7 mzima ni wa kulieleza. Siku tisa za kazi kwa herufi mbili na nukta.

19 Aprili 2025. Majivu, kwa haraka

Ukurasa mmoja tu. Baada ya Oval gazeti la *Sporting Times* lilitoa tanzia ya mzaha: kriketi ya Uingereza imekufa, mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Majira yale yale ya baridi Ivo Bligh akaongoza timu kwenda kuyafuata, C.T. na G.B. wakiwemo. Huko wakapewa kile chombo kidogo cha majivu ambacho mpaka leo timu mbili zinakigombania kwa jina. Kimo chake ni karibu sentimita 11. Nilipoweka chupa ya soda mezani na kuwaonyesha kwamba chombo hakifiki hata nusu yake, hawakuamini. Shairi lililobandikwa juu yake linawataja akina Studd.

Mechi zote za kimataifa za C.T. ni tano: ile ya Oval na nne za safari hii. Alipata mikimbio 160 na wiketi 3, na wanaompima kwa hizo peke yake wanamwonea, kwani msimu wa 1882 na wa 1883, kila mmoja, alivuka mikimbio 1,000 na wiketi 100.

3 Mei 2025. Pauni 29,000

Kipande hiki nilitegemea kiwe chepesi. G.B. aliugua sana, ikaaminika atakufa. Kando ya kitanda cha ndugu yake C.T. akajiuliza kriketi itamfaa nini mtu saa ile. Msimu wa 1884 ukawa wa mwisho wake wa maana. Tarehe 5 Februari 1885 akaondoka London kwenda China na wenzake sita, wale walioitwa Saba wa Cambridge, chini ya misheni ya Hudson Taylor. Wakavaa mavazi ya Kichina, wakasuka nywele kama Wachina wa wakati ule.

Huko akiwa na miaka 25 alitimiza umri wa kurithi: pauni 29,000. Januari 1887 akaanza kuzigawa. Hundi nne za 5,000 kila moja, tano za 1,000, wakiwemo Moody, George Müller wa mayatima na Dk. Barnardo. Alibakiza 3,400, akampa mchumba wake Priscilla Stewart kabla ya harusi. Naye bibi akazitoa zote kwa Jeshi la Wokovu.

Kosa langu: nilijaribu kugeuza pauni 29,000 za 1887 kuwa shilingi za leo. Vikokotoo vitatu vya intaneti vikanipa majibu matatu, moja likiwa zaidi ya mara tano ya jingine. Bando la tatu likaishia humo, 10,000. Suluhisho lilikuwa limelala kwenye sura ya pili muda wote: mchezaji wa kulipwa aliyekwenda Australia na Grace alipata 170. Gawanya. Angehitaji kwenda Australia zaidi ya mara 170 kuufikia urithi wa Bw. Studd. Hesabu hiyo vijana waliifanya wenyewe ubaoni, sikuhitaji kikokotoo.

31 Mei 2025. Ibambi bila watu

China mpaka 1894, India kuanzia 1900 hadi 1906. Aya mbili zilitosha. Kisha Kongo. Mwaka 1913, na miaka 52 na afya mbovu, alisafiri na kijana Alfred Buxton kupitia nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, wakavuka Ziwa Albert, wakaingia kaskazini mashariki mwa Kongo. Misheni yao waliiita Moyo wa Afrika. Kituo kimojawapo cha mwanzo kilikuwa Nala, baadaye Ibambi.

Rasimu yangu ya sehemu hii nilimpa mzee mmoja kutoka Isiro anayeuza vitenge Kariakoo, maana Ibambi si mbali na kwao. Nauli na chai, 12,000. Alikaa nayo siku mbili. Akanirudishia, akasema: "Mwalimu, iko muzuri. Lakini huyu Bwana anahubiria nani? Watu hawako."

Nikahesabu. Neno "msitu" nilikuwa nimeliandika mara kumi na moja. Mwenyeji hata mmoja hakuwa ametenda jambo lolote katika kurasa sita. Walikuwa wanangoja tu wafikiwe. Nilikuwa nimenakili mkao wa vitabu vya sifa bila kujua.

Nimeiandika upya nikianzia kwenye lugha. Studd alilazimika kukaa chini ajifunze Kingwana, Kiswahili cha Kongo, kwa watu waliokuwa wakikisema, na kwa lugha hiyo akatafsiri Agano Jipya. Hapo mwenye kufundishwa ni yeye. Jina la Bwana Mukubwa pia nilikuwa nimelitafsiri kuwa ni la mapenzi. Mzee akatikisa kichwa: mtawala wa Kibelgiji naye aliitwa hivyohivyo. Na mwaka 1930 mfalme wa Ubelgiji alimpa Studd nishani kwa kazi yake Kongo. Hilo nalo nimeliweka, wasomaji wapime.

Nimeweka pia yale ambayo hayasomwi kanisani. Priscilla alibaki Uingereza akiendesha ofisi. Tangu 1916 waliona nyuso mara moja tu, mwaka 1928, kwa wiki mbili, na mwaka uliofuata akafa. Studd aliwataka wamisionari wenzake waishi kwa ukali wake mwenyewe, wengine wakaondoka. Alitumia mofini, dawa inayolevya, kwa ajili ya maumivu, na jambo hilo likachochea ugomvi na kamati ya London mpaka wakataka kumwondoa kwenye misheni aliyoianzisha mwenyewe. Nilihofia wazazi watalalamika. Mpaka leo aliyelalamika ni mwalimu mwenzangu mmoja, na lalamiko lake ni kwamba nimeipunguza kriketi.

21 Juni 2025. Steshenari

Wanaotaka kuiga wasome hapa kwa makini. Kijitabu cha A5 kinatokana na A4 iliyokunjwa, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Nilikuwa na 22. Nikaongeza mbili: ramani ya Ibambi niliyoichora kwa mkono na ukurasa mtupu wa msomaji kuandika maswali. Karatasi sita, pande kumi na mbili, shilingi 100 kila upande: 1,200 kwa nakala.

Nikamwambia kijana wa mashine "toa pande zote mbili", nikaenda kunywa chai. Niliporudi nakala 40 zilikuwa tayari, na kila karatasi upande wa pili ulikuwa kichwa chini miguu juu. Mashine iligeuza karatasi kwa upande mrefu. Kijitabu cha kukunja kinataka igeuzwe kwa upande mfupi, na mimi sikusema. Shilingi 48,000 zimekwenda. Karatasi hizo sasa vijana wanafanyia hesabu. Toeni nakala moja kwanza. Moja! Ikunjeni, isomeni mpaka mwisho, ndipo mseme endelea.

Mara ya pili: 48,000 za ndani, 32,000 za majalada. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Nikaifungua ikalala wazi, nikaweka sponji ya kuoshea vyombo chini, nikagonga pini ikapenya, kisha nikaikunja kwa kijiko. Pini, 2,500.

5 Julai 2025. Ukurasa wa 19

Nakala zote 40 zimekunjwa na kubanwa. Jana usiku nikafungua moja kwa raha zangu, nikakuta ukurasa wa 19 umeandikwa "Bwana Mkubwa". Kijana wa mashine, kwa nia njema kabisa, aliona nimekosea tahajia akanisahihishia kabla ya kutoa zile za mara ya pili. Nakala ya majaribio niliisoma mgeuko wa kurasa, sikusoma maneno.

Kuchapa upya karatasi ile ni 200 kwa nakala, na itabidi kufumua pini zote. Badala yake leo baada ya mazoezi tumekaa chini ya mwembe, vijana wanane na mimi, tukachomeka u kwa kalamu nyeusi katikati ya m na k. Yule msichana wa kuandika alama ndiye aliyehesabu. Nakala 40, u 40, kalamu mbili kwa 500 kila moja. Jumla ya mradi ni 173,500 dhidi ya bajeti ya 100,000.

Nakala moja imekwenda Kariakoo. Mzee alifungua moja kwa moja ukurasa wa 19, akaigusa ile u kwa kidole kuona kama wino umekauka.